Muziki Usiochezesha Mguu

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mtoto wa jicho. Alishona kwa kupapasa, na siku moja akashonea mkono wa shati penye kola. Mteja alicheka. Fundi akalia, kwa maana cherehani ndiyo maisha yake.

Mumewe, mpiga gitaa wa harusini, alimpeleka hospitali. Fundi alipolala kwenye kitanda cha upasuaji na kusikia vyuma vikigongana, hofu ilimshika na presha ikapanda. Daktari akaahirisha upasuaji. Fundi akaapa kwamba hatarudi tena.

Muuguzi hakumlaumu. Aliketi nao, akaeleza kwamba jicho hutiwa ganzi, lakini mgonjwa yuko macho na anasikia kila kitu. Muziki mtulivu hupunguza hofu hiyo.

"Muziki si badala ya ganzi wala dawa," alisema. "Unakusaidia kutulia. Chagua unaoupenda wewe, dada."

Mume hakungoja aulizwe. Alitoa simu na kuweka nyimbo za bendi yake, zile za kuwainua watu vitini. Mguu wa fundi ukaanza kucheza. Bega likafuata, na kichwa nacho hakikutaka kubaki nyuma.

"Shemeji," muuguzi akasema, "kwa muziki huu daktari atalikimbiza jicho chumba kizima."

Mume akanuna. Fundi akamshika mkono.

"Baba watoto, bendi yako naipenda. Lakini kinachonituliza ni kile unachopiga peke yako asubuhi, ukidhani hakuna anayesikiliza."

Mume aliacha kununa. Furaha ilimjaa. Jioni alipiga gitaa polepole, akarekodi kwa simu.

Siku ya upasuaji ilipofika, muuguzi alimwekea fundi spika ndogo masikioni. Sauti ya gitaa la mumewe ilikuwa ya chini, ili amsikie daktari. Fundi alishusha pumzi. Presha ilibaki sawa. Alipoambiwa atazame mwanga, alitazama na hakutikisika.

Kisha akauliza, "Daktari, mtaanza saa ngapi?"

"Tumeshamaliza, mama. Nilikuwa nasubiri wimbo wako uishe."

Kesho yake bandeji ilitolewa. Fundi alimtazama mumewe, akatabasamu. Halafu akainama karibu na koti la daktari.

"Pindo hili limekwenda upande," alisema. "Vua, nikakushonee."