Mtungi wa Pango la Luhangano

Mtungi haukuwapo. Juu ya jiwe bapa ndani ya pango palibaki duara la vumbi jeusi, pana kama ungo, na vyungu vitatu vidogo vya sadaka vilivyosukumwa kando.

Inspekta Ilyasi alichuchumaa akamulika tochi. Alikuwa mtu wa Mbamba Bay, mtoto wa duka la vitambaa pale ufukweni, na milima hii ya Wamatengo ilikuwa inamkata pumzi tangu asubuhi. Nyuma yake alisimama Koplo Othmar, mzaliwa wa Kigonsera, hahemi hata kidogo.

"Nyunyiza unga wa alama za vidole hapo kwenye jiwe," alisema Ilyasi.

"Unga umekwisha tangu Februari, Afande. Tuliandika barua."

"Piga picha basi."

"Filamu imebaki ya picha nne."

Ilikuwa Julai 1996. Serikali ilitangaza kwamba imejitoa kwenye biashara, watu wafanye wenyewe. Ilivyoonekana, ilikuwa imejitoa hata kwenye filamu.

Mlalamikaji alikuwa nje ya pango, anapangusa viatu vyake vyeupe kwa leso. Aliitwa Hamphrey, mkurugenzi wa Kampuni ya Vivutio vya Nyanda, mtu wa miaka hamsini na ushee. Kijiji cha Luhangano kilikuwa kimemkodisha pango kwa miaka thelathini na mitatu. Alimpa Ilyasi karatasi yenye picha ya rangi: *Njoo Luhangano! Pango la vita, pombe ya kale ya ulezi, ulanzi wa mianzi, mvinyo wa zabibu, machweo ya Ziwa Nyasa.*

"Mtungi wenyewe ni wa lini?" aliuliza Ilyasi.

"Elfu moja mia nane sitini na kitu. Wangoni walipowavamia, Wamatengo walijificha humu. Walipika pombe ya ulezi humu humu gizani wakiwaomba mababu zao. Jumamosi nina wageni kumi na wawili, Wajerumani, Inspekta, na mtaalamu wa makumbusho yumo. Nitawaonyesha nini? Jiwe?"

"Kuubeba kunataka watu wangapi?"

"Wanaume wanne na gari."

"Hakuna alama za gari."

"Basi wanaume sita."

Mlinzi wa pango, Mansuetus, alikuwa tayari amefungiwa katika stoo ya ofisi ya kijiji. Mkuu wa wilaya alishapiga simu ya upepo mara mbili: Ijumaa mtu apandishwe kizimbani Mbinga, na mtu aliyekuwapo ni huyo. Ilyasi alimtoa, akamkalisha kwenye benchi. Mansuetus alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, kama bado ana ofisi ya kwenda.

"Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Lindoni."

"Muda wote?"

"Muda wote, Afande."

"Mtungi ulipita juu ya kichwa chako?"

"Sikuuona."

"Mwenyekiti wa kijiji, Raimundi, anasema alikuona kiwanja cha mpira, mkutanoni, unakunywa mvinyo wa Bwana Hamphrey."

Mansuetus alitazama magoti yake.

"Glasi ngapi?"

"Hazikuwa glasi. Vilikuwa vikombe."

Mkutano huo ulikuwa umeitishwa na Hamphrey kuwafundisha watu namna ya kumkaribisha mtalii. Wasitembee peku mbele yake. Wasimwombe chochote. Wasimwambie kwamba pombe inalevya, wamwambie ni utamaduni. Karibu kijiji kizima kilikuwa pale, kwa sababu mvinyo ulikuwa wa bure.

"Kwa nini umedanganya?"

"Nikisema niliacha lindo, kazi imekwenda. Afande, nilikuwa ghala la ushirika miaka kumi na sita, napima kahawa. Wakasema soko huria. Ushirika ukafa, na hakuna aliyekuja hata kutupa pole. Nina watoto watano. Sasa naambiwa nitakwenda jela Songea kwa ajili ya mtungi ambao hata kuugusa nilikatazwa."

Ilyasi alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia. Saa zote zilizobaki za Jumatano hiyo alizitumia kwenye mambo yasiyozaa. Alisimamisha lori la mnunuzi binafsi wa kahawa njia ya Kingerikiti, akapekua magunia, alipata kahawa. Alituma ujumbe Mbamba Bay wakague maboti, walipata dagaa. Aliwaita wanakijiji mmoja mmoja waueleze mtungi, na hapo ndipo kichwa kilipomzunguka kabisa.

"Una masikio mawili makubwa," alisema mzee mmoja.

"Hauna masikio," alisema mwanawe.

"Unaingia debe nane."

"Debe nne, zikizidi sana."

"Ni mwekundu."

"Mweusi, Afande, kama sufuria ya msiba."

Jioni aliketi na karatasi zake, akazipanga na kuzipangua.

"Othmar, hawa watu wanaabudu kitu kimoja au vitu viwili?"

"Sijui, Afande. Mimi nilibatizwa misheni Kigonsera, sikuwahi kupanda huku." Koplo aliinama juu ya karatasi. "Ila tazama. Wanaosema una masikio ni wazee tu. Vijana wote wanasema hauna."

"Wazee wamesahau."

"Wote kwa pamoja, na kwa namna moja?"

Ilyasi alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Alhamisi mchana waliteremka kutoka pangoni kwa njia ya mkato, katikati ya mashamba ya ngoro. Kilima kizima kilikuwa kimetobolewa mashimo ya mraba yaliyozungukwa na matuta, safu juu ya safu, kama sega la nyuki lililolazwa mlimani. Mvua ikinyesha, maji huingia mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Ilyasi alikuwa amepita hapo mara nne na kuona mashimo. Hii ilikuwa ya tano.

Othmar alisimama.

"Shimo hili ni jipya."

"Yako maelfu hapa, Koplo."

"Ni Julai, Afande. Ngoro inachimbwa Machi, ardhi ikiwa bado laini, tunapanda maharage. Julai kila mtu yuko kwenye kahawa. Halafu angalia lilivyokaa. Limetoka kwenye mstari. Limekata tuta." Alipanda hatua mbili, akapigapiga ardhi kwa kisigino. "Na hapa palikuwa na shimo. Limefukiwa."

"Labda mwenye shamba alitaka nafasi ya kupanda."

"Hapa hakuna anayefukia shimo. Ukifukia, mvua ya kwanza inateremka moja kwa moja kwa jirani wa chini na kumsombea shamba. Watu hawasemeshani miaka kumi kwa jambo hilo."

Ilyasi alikaa juu ya tuta. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kitu kimoja kilishikana na kingine.

"Mwizi wa kutoka mbali angefukia akaenda zake."

"Angekwenda zake."

"Huyu alifukia, kisha akachimba lingine pembeni ili asimharibie jirani."

"Ndiyo, Afande." Othmar alianza kucheka taratibu. "Ameiba, na bado hakuweza kuuacha mteremko bila shimo. Na ni mwanamke. Sisi wanaume tunafyeka na kulaza majani tu, jembe la udongo ni lao. Mwanamume angechimba vibaya kuliko hivi."

"Shamba la nani?"

Kicheko kilikatika. "La Bibi Emerensiana. Yule mpika pombe. Na vyungu vyote vya kijiji anafinyanga yeye."

Walilichimbua shimo lililofukiwa kwa mikono na kwa jembe la kuazima. Mtungi ulikuwa umefungwa kitenge, mdomo umezibwa kwa majani makavu, umelazwa kwa uangalifu kama mtu. Ulikuwa mweusi. Haukuwa na masikio. Ilyasi, ambaye hakuwa mtu wa kubeba mizigo, aliujaribu. Ukanyanyuka.

"Wanaume sita," alisema, akautua.

Bibi Emerensiana walimkuta uani, anakoroga ulezi uliochipua katika pipa. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mikono imepauka kwa udongo wa ufinyanzi.

"Shikamoo, bibi," alisema Ilyasi.

"Marahaba, baba. Umechelewa. Nilikuwa nimekupa mpaka leo tu. Kesho asubuhi ningekuja mwenyewe, Mansuetus asipelekwe."

"Kuja kusema nini?"

"Hayo uliyoyajia. Ngoja nifunike pipa, nzi wataingia."

Katika ofisi ya kijiji Ilyasi aliwakalisha watu watatu: Bibi Emerensiana mbele ya meza, Mwenyekiti Raimundi dirishani, na Hamphrey kwenye kiti pekee chenye mto. Mtungi ulisimama sakafuni katikati yao. Othmar alishika kalamu.

"Bibi, huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa ushahidi mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Aandike vizuri."

"Ni wewe uliyeuchukua mtungi huu pangoni?"

"Ni mimi. Jumanne, mlipokuwa mnafundishwa kukaribisha wageni."

"Nani alikusaidia?"

"Kichwa changu. Niliweka ngata, nikajitwika, nikateremka nao. Kuna waliokutana nami, wakanisalimu. Waliona mpika pombe na mtungi wake. Mlitaka waone nini?"

Mwenyekiti Raimundi alisimama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. "Dada, mtungi wa mababu. Umeufukia kama mbwa?"

"Kaa, Raimundi. Si wa mababu. Niliufinyanga mimi."

Mansuetus, aliyerudishwa stoo, alisikika akikohoa.

"Mwaka gani?" aliuliza Ilyasi.

"Sabini na nne. Mwezi wa kumi na moja."

"Miaka ishirini na miwili namimina ulezi humo," alisema Raimundi polepole. "Naita majina ya babu zangu. Kwenye chungu chako?"

"Mlirudi kupanda pangoni, wewe na vijana wenzako, mkaukuta nilipouweka, mkalia. Mkasema mababu wameulinda. Ningewaambia nini? Nilinyamaza. Kunyamaza huko nimekosa, nakuomba radhi mbele ya polisi."

Ilyasi alivuta zile karatasi zake. Wenye masikio na wasio na masikio. "Kulikuwa na mwingine."

"Wenye masikio mawili. Mwekundu, unaingia debe nane. Waliouona kwa karibu ni wazee tu, na miguu yao haijapanda huko tena. Mama yangu ndiye alikuwa mtunzaji. Operesheni Vijiji ilipokuja, kila mtu ateremke akaishi barabarani, tukateremka. Mama akakataa. Akapanda pangoni, akaukumbatia mtungi, akasema yeye kijiji chake ni hapo. Basi akaja katibu kata na mgambo wawili. Kijana, soksi ndefu, kiko mdomoni, redio begani. Alisema huu ni ushirikina, unarudisha taifa nyuma. Alichukua mpini kwa mgambo. Mgambo mwenyewe alikuwa amesita. Akaupiga, mama bado ameushika."

Aliinua mkono wake wa kushoto, akachora mstari kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Kigae kilimchana hapa mpaka hapa. Jeraha likaoza. Siku ya kumi na moja akafa. Tukaambiwa tuseme alianguka. Tukasema alianguka."

"Katibu kata huyo alikuwa nani?"

Bibi Emerensiana hakunyoosha kidole. Aligeuza kichwa tu, kuelekea kiti chenye mto.

Hamphrey alikuwa anatazama karatasi yake ya rangi. "Inspekta, huyu bibi ni mlevi wa kazi. Anashinda kwenye pipa. Mambo ya operesheni yalikuwa amri ya nchi nzima, na kila mtu alitii."

"Kwa hiyo ulikuwapo?" aliuliza Ilyasi.

"Nilikuwa tarafa hii. Tulikuwa wengi."

"Bibi, kwa nini sasa? Mtungi umekaa miaka yote. Kwa nini Jumanne?"

"Mwezi wa tano alikuja kutuomba pango. Hakunikumbuka. Nilimpikia pombe, akanywa, akasifu. Kisha akasimama mbele ya watu akasema, mtungi huu haujaguswa na mkono wa mtu tangu vita vya Wangoni." Sauti yake ilishuka. "Haujaguswa. Alijua vigae viko wapi, maana yeye ndiye aliyevipiga teke bondeni. Jana aliuvunja kwa sababu ni ujinga wetu, leo anauuza kwa sababu ni historia yetu. Ningeweza kuvumilia auze. Lakini Jumamosi angesimama juu ya damu ya mama yangu na kuwaambia Wajerumani kwamba hapa hapajatokea kitu. Nikasema, asimame. Ila kwa chungu changu, hapana."

Ilyasi alichukua fomu ya mlalamikaji, akaisukuma mbele ya Hamphrey pamoja na kalamu.

"Tumalize kazi yetu, Bwana Mkurugenzi. Hapa unaeleza mali iliyoibwa, kisha unaweka sahihi. Ukiandika mtungi wa elfu moja mia nane sitini, umelidanganya jeshi la polisi, kwa maana huu hapa ni wa sabini na nne na mfinyanzi wake yuko hai. Ukiandika ni wa sabini na nne, utanieleza umejuaje. Chagua wewe."

Hamphrey aliitazama fomu. Aliifikiria muda mrefu mno kwa mtu asiye na la kuficha. Kisha akaifunika kalamu kifuniko.

"Naondoa malalamiko."

"Othmar, kamfungulie Mansuetus."

Hamphrey aliinuka, akaanza kukusanya karatasi zake za rangi.

"Hujaruhusiwa kuondoka," alisema Ilyasi. "Keti."

"Kesi imekwisha, Inspekta. Mkuu wa wilaya ni rafiki yangu."

"Keti, Bwana Hamphrey."

Aliketi. Ilyasi hakujua kama shauri la miaka ishirini na miwili lingefika mbali. Huenda lingemfikisha yeye kituo cha polisi cha mpakani, mahali pasipo hata barua za kuandika. Bibi Emerensiana alikuwa bado amekaa wima, mikono mapajani.

"Mjukuu wangu," alisema, "mama yangu alipokufa hakuja askari hata mmoja. Chungu changu kimepotea siku mbili, mmekuja na Landrova."

Ilyasi alifungua jalada jipya, akalichana ukurasa wa kwanza uliokuwa na doa la chai, akaanza ukurasa safi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa: KIFO. Chini yake akaandika jina la mlalamikaji, Emerensiana, mfinyanzi wa Luhangano.

"Ilikuwa saa ngapi, bibi?"

"Asubuhi," alisema. "Umande ulikuwa bado haujakauka."

Akaandika.