Neno la Chaki Chini ya Kiti

"Kumi na tisa? Kumi na tisa ya nini, dada?"

Marnie alikuwa amesimama jikoni, simu kaibana kwa bega, vidole vyake vyote vimeganda gundi ya kubandikia vitambaa. Sauti ya muuguzi ilikuwa ya upole mno, ule upole unaokutia hofu kabla hata hujaambiwa kitu.

"Ya madini ya risasi kwenye damu ya mtoto, mama. Haitakiwi izidi tatu na nusu. Odette ana kumi na tisa."

"Ana miaka miwili tu! Madini ya risasi ameyatoa wapi?"

"Mara nyingi hutoka kwenye rangi za zamani. Je, hapo nyumbani kuna mtu anayekwangua rangi?"

Marnie akaitazama mikono yake.

Kukwangua rangi ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyomkutanisha na mumewe, Dwight. Dampo la mji wao huko Maine, Marekani, lina kibanda ambamo kila Jumamosi watu huacha vitu wasivyovitaka, na wengine huvichukua bure. Miaka sita nyuma, wawili hao waligombania meza moja ya miguu mitatu, kila mmoja kashika upande wake, hakuna anayetaka kuachia. Wakaishia kuipakia pamoja kwenye gari la Dwight, na mwaka uliofuata wakaoana.

Tangu hapo kazi waligawana. Dwight anatafuta na kupima, Marnie anapiga msasa, anapaka rangi na kuvalisha kitambaa kipya. Rangi za kale zina sumu, kila mtu wa kazi hii anajua. Kwa hiyo Dwight husugua kijiti cha kupimia kwenye rangi ya kila kitu. Kikibaki njano, anakigeuza kitu juu chini na kuandika kwa chaki, "Safi. D." Kikiwa chekundu, kitu hicho kinarudi dampo siku hiyohiyo. Marnie hakuwahi kugusa msasa bila kuiona kwanza ile chaki.

"Ulipima kila kitu?" alimuuliza Dwight alipoingia.

"Kila kitu, mpenzi."

"Hata lile kabati la kijani? Hata viti vya chakula?"

"Marnie, chaki si umeiona mwenyewe?"

"Basi ni mimi. Labda nimeleta vumbi kwenye nguo. Labda sikunawa vizuri. Mungu wangu, Dwight, nimemlisha mwanangu sumu kwa mikono yangu!"

Dwight alimkumbatia, akambembeleza, akamwambia asijilaumu.

Wiki tatu zilizofuata Marnie hakuwa mtu. Brashi aliziweka chini. Alideki sakafu mara nne kwa siku, na akawa hambebi mtoto mpaka abadilishe nguo na kusugua mikono hadi ngozi ichubuke. Odette alimfuata huku na huku, mikono juu, "Mama, beba," na mama yake alirudi nyuma huku machozi yanamtoka. Jamani, hakuna adhabu inayoshinda hiyo.

Na wifi naye hakuchelewa. Charlene, dada mkubwa wa Dwight, alikuja Jumapili na bakuli la maharage na mdomo wake.

"Mimi nasema ukweli, wifi, hata ukiuma. Mama mwenye akili zake hachezi na takataka za dampo akiwa na mtoto mdogo."

"Kaka yako ndiye anayezileta."

"Analeta, ndiyo. Anayetimua vumbi ni nani? Mama yetu alilea watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa damu."

"Charlene, nakuomba. Si leo."

"Leo ndiyo leo. Watu wa serikali wakija kumchukua mtoto, utasema nini?"

Dwight alikuwa palepale mezani, anakoroga kahawa isiyo na sukari. Alikoroga mpaka ikapoa.

Jumanne mkaguzi wa afya akafika, mzee mnene mwenye maneno machache, jina lake Bwana Ouellette. Alikuwa na kidude anachokibandika kwenye ukuta, kikapima madini ya risasi kwenye rangi zote mpaka tabaka la chini kabisa. Akabandika kwenye madirisha, hakuna kitu. Milango, hakuna. Kabati la kijani, hakuna. Marnie alimfuata nyuma kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

Wakafika sebuleni, kwenye kiti cha kubembea.

Kilikuwa cha marehemu mama yake Dwight, aliyefariki Oktoba. Mwezi wa Machi Dwight alikileta kutoka kwa Charlene, rangi yake nyeupe imebanduka magamba, akasema, "Nifanyie kiwe kipya, Marnie. Humu ndimo alimotunyonyeshea." Marnie alikipa wiki nzima ya maisha yake. Gereji ilikuwa barafu tupu, kwa hiyo alikipigia msasa jikoni, karibu na jiko, Odette akicheza na vijiko vyake sakafuni. Akakipaka bluu, akakivalisha kitambaa cha maua ya njano. Mtoto alikipenda kuliko vyote. Alikuwa hata akiung'ata mkono wa kiti hicho.

Kidude kikalia.

Bwana Ouellette akarudia. Kikalia tena.

"Hiki," alisema. "Chini ya hii bluu kimejaa. Mlikikwangulia wapi?"

"Jikoni," Marnie alisema. "Lakini kilipimwa, bwana. Kina chaki!"

Akakipindua. Neno lilikuwepo, kwa mwandiko ule anaoujua. "Safi. D."

"Dwight?"

"Labda kijiti kilikuwa kibovu," Dwight alisema, macho dirishani. "Vikikaa sana huharibika."

Na Marnie, maskini, alitaka kuamini. Alishika maneno hayo kwa mikono miwili.

"Nahitaji picha ya kiti kabla hakijapakwa," mzee alisema. "Na kitolewe nje sasa hivi, bwana, tushike wote."

"Zipo kwenye simu ya mume wangu," Marnie akasema.

Wanaume wakabeba kiti. Simu ilikuwa juu ya meza, na namba ya kuifungulia Marnie aliijua, ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Odette. Akatafuta picha za Machi. Ile ya kiti ilikuwa imetumwa kwa Charlene, na chini yake palikuwa na maneno.

"Char, nimekipima kiti cha mama. Kijiti kimekuwa chekundu."

"Kwa hiyo?"

"Marnie akijua atakipeleka dampo."

"Usimwambie. Sisi tumekulia humo na tuko wazima. Kwani yeye ni nani wa kutupa kiti cha mama?"

"Sawa. Naandika chaki."

Marnie akasoma mara tatu. Akakaa sakafuni, pale pale Odette alipokuwa anachezea vijiko.

Dwight akarudi, akaiona simu mkononi mwake.

"Marnie, ngoja nikueleze."

"Ulinitazama nikipiga msasa."

"Nilidhani rangi mpya itaifunika..."

"Ulisimama pale mlangoni na kikombe chako, Dwight! Mtoto sakafuni, vumbi linamdondokea kichwani kama unga, nawe unanitazama!"

"Nilifagia! Kila ulipomaliza nilifagia."

"Ulifagia." Marnie akacheka kicheko kibaya. "Kumbe ulikuwa unajua unafagia nini."

"Ni kiti cha mama. Hicho ndicho kitu pekee alichoniachia. Nisamehe, mke wangu."

"Kiti ningeweza kukusamehe. Ulikuwa na msiba, akili haikuwepo. Lakini hizi wiki tatu? Mwanangu analia nimbebe, mimi namkimbia nikidhani mikono yangu ndiyo inayomuua. Dada yako ananitukana mezani kwangu, naye anajua! Na wewe unajua! Unakoroga kahawa!"

Dwight akapiga magoti. Bwana Ouellette, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia na kurudi nje taratibu.

Marnie aliondoka mchana ule kwenda kwa shangazi yake Rosalie, mji wa pili. Kabla ya kupanda gari alichukua brashi na rangi nyeusi, akaandika "SUMU. USICHUKUE" juu ya yale maua ya njano aliyoyashona mwenyewe. Kiti kilikuwa kinaenda dampo, na pale kibandani watu huchukua chochote; hakutaka kiingie kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Charlene alituma ujumbe mmoja: "Wifi, sikujua ungekikwangulia jikoni."

Septemba damu ya Odette ilishuka hadi tisa. Daktari aliulizwa kama mtoto yuko salama, akasema kilichokwisha kuharibika hakitajulikana mpaka aanze shule. Tangu siku hiyo, kila Odette anapochelewa kutamka neno, Marnie huacha anachofanya na kumsikiliza.

Jumapili moja Dwight alikuja kwa shangazi Rosalie kumwona binti yake kama kawaida. Alikuwa amekonda. Mikononi alishika kiti kidogo cha mtoto, chekundu, kimevalishwa kitambaa laini cha mistari.

"Nimekitengeneza mwenyewe," alisema. "Nimekipima mara tano. Tazama chini."

Marnie hakukigeuza. Aliingia ndani, akarudi na kijiti chake mwenyewe, akakwangua kidogo nyuma ya mguu na kusugua, huku mumewe akimtazama bila kupumua. Kikabaki njano.

"Umeona?" Dwight alisema, machozi yanamlenga. "Ni safi, Marnie. Naapa. Rudini nyumbani."

"Kiti ni safi," Marnie alisema kwa sauti ya chini. "Nimekipima, nimeona. Wewe nitakupima na nini, Dwight?"

Odette alitoka mbio, akakikalia kile kiti, akapiga makofi.

"Baba, kaa!"

Dwight akakaa chini kwenye majani, kando ya binti yake. Marnie akalowesha kitambaa, akaifuta chaki yote chini ya kiti, kisha akamfuta mtoto mikono, kidole kimoja kimoja.

"Saa kumi uende," akamwambia Dwight, akaingia ndani.