Joto la Nyuma ya Bafu

Nyuma ya bafu la Hajati palikuwa na joto lisilo na sababu. Ilikuwa saa moja asubuhi, mvua ya Mbale imenyesha tangu alfajiri, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka juu ya mabati, na kila kitu uani kilikuwa kimelowa na kupoa. Lakini katika kona ile, kati ya ukuta wa bafu na ukuta wa jirani, Faizal aliponyoosha kiganja alihisi hewa ya vuguvugu, kama vile mtu amepika pale na kuondoa sufuria sasa hivi. Hapakuwa na jiko, wala jivu, wala bomba la maji ya moto. Nyasi za pale zilikuwa kavu.

Mtu mwingine angejiuliza maswali. Faizal alifurahi. Alikuwa fundi wa viyoyozi na majokofu, mzaliwa wa Walukuba kule Jinja, na fundi wa kazi hiyo akishaipenda huona dunia nzima kuwa ni joto linalosubiri kuhamishwa kutoka hapa kwenda pale.

Safari hii alikuwa anamhamishia binti yake. Mkewe, Halimah, alikuja Mbale kujifungulia kwa mama yake, Hajati, na mtoto akatoka kabla ya wakati, miezi saba na siku chache. Wakamwita Shamim. Wiki tatu alilala hospitali, kisha wakamruhusu akiwa na kilo moja na nusu na onyo moja: asipate baridi. Nyumba ya Hajati ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Hajati alitaka kuweka sigiri ya makaa chumbani, Faizal akakataa katakata, kwa sababu aliwahi kuona kule Jinja jinsi makaa yanavyomaliza hewa ya watu waliolala. Hita ya waya mwekundu nayo aliikataa, hukausha koo. Akachagua mashine ile inayopoza na kupasha, boksi moja ndani na boksi moja nje, akakipima chumba, akanunua ndogo inayotosha, maana kubwa kupita kiasi hujizima na kujiwasha ovyo.

Kilichobaki ni mahali pa boksi la nje. Mashine hiyo ikipasha chumba huvuta joto la nje, na nje pakiwa na joto kidogo haipati taabu. Ukuta wa mbele ulipigwa na upepo wa mlimani. Nyuma ya bafu palikuwa na joto la bure.

Tatizo lilikuwa la aibu. Upande huu wa Uganda mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na watu husema anayevunja mwiko huo hutetemeka mwili mpaka anaingia kaburini. Kukaribia bafu lake ndiyo usiseme. Kwa hiyo Faizal alisubiri Hajati aende sokoni, akatoboa ukuta upesi upesi, akafunga boksi lake pale konani. Mama aliporudi na vikapu, mashine ilikuwa tayari inapumua.

Hajati aliuliza kwa Kiswahili cha Uganda, ambacho “natoa” huweza kuwa mimi, wewe au yeye, akiwa nyuma ya pazia la korido, akimtumia binti yake kama mkalimani, ingawa wote watatu walisikiana vizuri.

“Halimah, uliza bwana yako. Hii mashine natoa moto wapi? Mimi hapana ona makaa.”

“Hapana tengeneza moto, mama,” Faizal alijibu kwa fahari. “Nachukua joto ya nje, naleta ndani.”

Pazia lilisogea kidogo.

“Nachukua kwa nani?”

Faizal alicheka, na Halimah akacheka pia, mara ya kwanza tangu ajifungue. Hajati hakuuliza tena. Baadaye alikiri kwamba alijua palepale boksi limefungwa wapi, ila kulitaja ilikuwa ni kuzungumzia bafu lake mbele ya mkwe, na ulimi ukakataa.

Siku tatu zilikuwa za raha. Mtoto alinyonya, akalala, akapata rangi. Siku ya nne Faizal alinusa kitu chumbani, harufu ya jiwe lililochomwa jua na nywele zilizoungua kidogo. Alifungua mfuniko, akasafisha chujio, akapima gesi. Kila kitu kilikuwa sawa. Usiku huo boksi la ndani lilitoa mlio ambao hakuwahi kuusikia katika miaka kumi na miwili ya ufundi, pumzi ndefu ya kuingia, kisha kimya, kisha pumzi ya kutoka, na akajikuta anangoja ile inayofuata.

Siku ya tano, saa saba mchana, umeme ulikatika mtaa mzima. Redio za majirani zilinyamaza. Taa ya boksi ikazimika, na Faizal akakimbilia blanketi la mtoto. Akiwa ameinama juu ya kitanda alihisi upepo wa moto shingoni. Aliinua kichwa. Mashine haikuwa na umeme, waya aliuchomoa kwa mkono wake mwenyewe na kuushika, na bado ulimi wa plastiki wa lile boksi ulikuwa unapanda na kushuka polepole, ukielekeza joto upande mmoja tu, upande wa mtoto. Faizal aliogopa, na aliogopa zaidi kwa kuwa hii ilikuwa kazi yake na alijua kabisa kwamba haiwezekani.

Walimbeba Shamim kwenda chumba cha bibi yake, milango miwili tu kutoka pale. Kabla hawajamfunika vizuri midomo ilikuwa ya bluu. Kipimajoto kilisoma thelathini na nne. Wakamkimbiza hospitali, na wauguzi walifanya yote yanayofanywa, wakamlaza chini ya taa ya kupashia, wakamfunga kifuani kwa mama yake, wakamvisha kofia na soksi, na bado joto lilishuka, thelathini na tatu na nusu, thelathini na tatu, huku taa ikiwaka na kifua cha Halimah kikitoka jasho. Muuguzi alimwangalia Faizal usoni akasema kwamba hajawahi kuona mtoto anayepoa chini ya taa. Kesho yake asubuhi Halimah alimnyakua mwanawe, akapanda teksi bila kumsikiliza mtu, akamrudisha katika kile chumba. Ndani ya robo saa Shamim alikuwa na joto la kawaida, ananyonya, macho wazi, na ile pumzi juu ya kitanda ikienda na kurudi.

Kwa hiyo hawakuweza kumtoa wala kumwacha. Saa kumi jioni kipimajoto kilisoma thelathini na nane. Magharibi, thelathini na tisa. Kilikuwa kinapanda, na mtoto wa kilo moja na nusu hana mahali pa kuuweka moto.

Ndipo Hajati alipotoka nyuma ya pazia. Alisimama mlangoni, uso kwa uso na mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu ndoa, akaeleza huku anatazama sakafu. Kona ile ilikuwa na mwenyewe. Bibi yake aliikuta hivyo. Mwanamke wa nyumba ile hamwagi maji ya moto pale bila kusema Bismillahi kwa sauti, ili mwenyewe asogee, na hakuwahi kumdhuru mtu, alikaa kwake nao wakakaa kwao. Faizal alisikiliza, akakumbuka jinsi alivyonyoosha kiganja na kufurahi, na akataka ardhi immeze.

Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri, Hajati alimleta Sheikh Muhamad. Alikuwa askari wa magereza mstaafu, mtu wa viatu vilivyopigwa rangi, na watu wa Mbale waliendelea kumwita Afande hata alipokuwa ameshika tasbihi. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati. Alisoma Ayatul Kursiy mara saba juu ya bakuli la maji, akanyunyiza pembe nne, kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya boksi, akaanza kuhoji jinsi alivyokuwa akihoji wafungwa wapya getini, kwa kile Kiswahili cha kambini ambacho watu wa makamo bado hukiogopa.

“Wewe nani?”

Harufu ya jiwe lililoungua ilijaa chumba. Sauti ilitoka katika boksi, chini sana, na Halimah alishika mdomo wake, kwa sababu midomo ya Shamim ilikuwa inatembea pamoja na maneno.

“Mimi mwenye pale.”

“Nani naleta wewe hapa?”

“Mimi hapana kuja. Mimi nakaa kwangu. Mashine ya huyu navuta mimi, usiku, mchana, navuta tu.”

Sheikh alimgeukia Faizal, na Faizal akaitikia kwa kichwa. Sheikh akasema basi kosa limejulikana, mlango ni uleule, atoke kwa amani arudi kwake.

“Natoka na moto yangu,” sauti ilisema. “Siku saba huyu mtoto nakula moto yangu. Yake imeisha zamani. Sasa ile iko ndani yake ni yangu.”

Sheikh Muhamad aliacha kuhesabu tasbihi. Halimah alianza kulia kwa sauti ndogo, akimwomba Mungu, akimwomba Sheikh, akiliomba hata lile boksi jeupe ukutani.

“Chukua kwangu,” Faizal alisema.

“Kijana, usitoe ahadi ya kitu hujui mwisho yake,” Sheikh alinong'ona.

“Afande, mimi ndiyo nafunga hii mashine. Achukue kwangu, aache mtoto na ile moto iko ndani yake.”

Boksi lilivuta pumzi ndefu. Kipimajoto mkononi mwa Halimah kililia, arobaini na nusu.

Faizal alivua shati, akachomeka tena waya, umeme ukiwa umerudi, akashika rimoti na kubonyeza kitufe cha kubadili alama ya jua kuwa ya theluji, kwani mashine ile ikigeuzwa hivyo huvuta joto la ndani na kulitupa nje, na kilicholetwa na bomba hakingerudi kwa njia nyingine. Hajati aliingia chumbani, akapita mbele ya mkwe wake, akamwinua mjukuu kutoka kitandani na kumlaza kwenye kifua kitupu cha Faizal, mikono yake ikimgusa ngozi, mwiko wa mababu wote ukavunjika bila mtu hata mmoja kuuona, na palepale mashine ikanguruma, upepo ukageuka, pazia la dirisha lililokuwa linasukumwa likavutwa, na Faizal akahisi baridi ikimwingia kwanza kwenye vidole vya miguu, kisha magotini, kisha kiunoni, inapanda taratibu bila haraka yoyote, kama maji yanavyopanda ndani ya pipa, huku mtoto kifuani akibaki na moto wake, na nje nyuma ya bafu kitu kikaanza kutembea kwenye nyasi, kwenda na kurudi, kikingoja chake kiishe kutoka, na Sheikh anasoma, na Halimah anasoma, na Hajati ameshika kichwa cha mtoto, mpaka baridi ikafika kifuani kwa Faizal, ikapita chini ya mwili mdogo wa binti yake bila kuugusa, ikaingia moyoni na kutulia.

Kisha mashine ilizimika yenyewe. Mvua ikasikika tena.

Halimah aliweka kipimajoto kwapani kwa mtoto. Thelathini na sita na nusu. Wakamhamisha chumba cha bibi yake, wakangoja, wakapima tena. Thelathini na sita na nusu. Hajati alisujudu palepale sakafuni. Halimah, akicheka na kulia, alimwekea mumewe kipimajoto kwapani kwa kumtania tu. Kilifikiri muda mrefu, kisha kikakataa kuandika namba. Kiliandika kwamba joto liko chini ya kiwango chake cha mwisho.

Faizal hakufa. Madaktari wa Mbale na Jinja wamempima wakachoka. Mapigo yapo, damu ipo. Anafanya kazi zake akiwa amevaa makoti mawili katika jua la Walukuba, na wateja wamezoea. Mashine aliing'oa kesho yake asubuhi, akaziba tundu la ukuta kwa saruji. Halimah alijaribu kulala karibu naye wiki nzima, akiamka anatetemeka na vidole vimekufa ganzi, mpaka Faizal mwenyewe akamwomba ahamie chumba cha pili. Binti yake Faizal alimpakata mara moja tu. Zilipita dakika tano, na midomo ya mtoto ikawa ya bluu. Mwili wa Faizal unavuta joto la yeyote anayemgusa, na hajui kitufe cha kuuzimia.

Leo Shamim ana mwaka mmoja na miezi miwili, mnene, mwenye kelele, na hana kumbukumbu ya lolote. Ijumaa iliyopita aliachia kiti alichokuwa amekishika na kutembea kwa mara ya kwanza. Hatua nne alizielekeza kwa baba yake, mikono juu, anacheka. Halimah alikuwa jikoni. Faizal alirudi nyuma mpaka ukutani, kisha akatoka mbio na kuufunga mlango kwa nje, akausukuma kwa mgongo. Mtoto aliugonga kwa kiganja, akiita baba, mpaka mama yake alipokuja kumchukua.