Mkono wa Muasya

Jua lilikuwa linazama Kiilu alipofika Ruiru, betri ya gari imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Alikuwa ameitoa kuchajiwa Thika, na njia nzima alikuwa akiimba. Leseni ya kurusha mawimbi ya redio kutoka nyumbani ilikuwa imefika juma lile, mwaka wa 1959, na jioni hii angeita hewani kwa mara ya kwanza.

Yote yalikuwa kazi ya Zacharia, karani wa telegrafu kule Thika, mwenye leseni pia. Ndiye aliyemfundisha Morse, alfabeti ya mapigo, akamdhamini, akamruhusu akae katika nyumba yake ya Ruiru. Tangu Muasya, kaka yake Kiilu, apotee miaka mitano nyuma, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni, hakuna aliyewajali kama Zacharia. Mama yao hakutaka hata kusikia neno matanga. Muasya yuko Mombasa, alisema, Zacharia mwenyewe alimwona akipanda gari-moshi. Kila Jumapili, nyumbani kwake kule Makongeni, alitazama mlango.

Mwalimu huyu alimwonya jambo moja tu. Waya wa ardhini wa redio auchimbie mbele, mlangoni, kwa sababu nyuma kuna shimo la choo cha zamani. Lakini mbele palikuwa mawe matupu, na waya wa ardhini unataka udongo wenye maji. Nyuma, chini ya migomba, udongo ulikuwa mweusi, umelowa hata wakati wa kiangazi. Asubuhi ile Kiilu alikuwa ameuchimbia pale. Hakumwambia mtu.

Akaunganisha betri, akavaa vipokea sauti masikioni. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani... Akadhani ni ya mikono yake. Akabonyeza herufi zake za leseni, akaita, akangoja Zacharia amjibu kutoka Thika kama walivyopatana.

Kimya.

Kisha... ti, ti, taa...

Kila mpigaji wa Morse ana mkono wake, kama mtu alivyo na mwendo wake. Huyu alivuta pigo la mwisho la kila neno, akalikokota. Kiilu aliujua mkono huo tangu utotoni. Muasya, aliyekuwa mpiga telegrafu, alikuwa akimtania hivyo kwa kijiko mezani kwa mama.

KIILU. NI BARIDI.

Nywele zikamsimama. Akajibu: UKO WAPI?

Mkono mwingine uliingilia kati, mkono wa Zacharia, ila safari hii ulikuwa ukijikwaa.

TOA WAYA HUKO NYUMA. UTOE SASA.

Kiilu alikaa akiyatazama maneno aliyoyaandika. Huko nyuma. Zacharia alijuaje?

Akang'oa nyaya za betri. Akachukua jembe na taa ya chemni, akaenda migombani. Hapakuwa na choo. Hapakuwahi kuwa na choo. Alichimba akilia, akimwomba Mungu asikute kitu, mpaka jembe likagusa kiatu. Waya wake ulikuwa umeshuka mpaka hapo... umejizungusha kwenye mifupa ya vidole. Yeye hakuuzungusha.

Pikipiki ikazimwa barabarani. Zacharia akaja akitembea polepole, kofia mkononi.

"Uliniambia yuko Mombasa," Kiilu alisema.

"Polisi walitaka jina la anayepeleka habari msituni." Zacharia alinong'ona. "Ningewapa langu? Alipofia mikononi mwao, waliniachia nimzike hapa."

"Na mimi? Ulinifundisha ya nini?"

Zacharia aliigeuzageuza kofia. "Ananiita kila jioni, miaka mitano. Nilifikiri akimpata ndugu yake hewani, ataniacha. Leo alipopiga kwa nguvu vile, nilijua waya wako umemfikia."

Zile jioni zote za masomo, chai na mikate, ule mkono begani. Alikuwa amempenda mtu huyu kama baba, kumbe alikuwa akilishwa ili abebeshwe mzigo.

Ndani ya nyumba, redio isiyo na betri ikaanza.

Ti, ti, taa...

"Unasikia?" Kiilu akauliza.

Zacharia alitega sikio. Uso wake ukalegea, na machozi yakamtoka, ya mtu aliyepumzika.

"Sisikii kitu," alisema. "Sisikii kitu kabisa."

Akavaa kofia, akaondoka. Pikipiki ikaelekea Thika mpaka mlio wake ukapotea.

Kiilu aliingia ndani, akaketi. Taa za redio zilikuwa zimezima, lakini vipokea sauti vilitikisika mezani. Akavivaa, akitaraji kuulizwa nani alimtaja. Alikuwa tayari kujibu.

KIILU. WALIMKAMATA ZACHARIA PIA? NAMWITA HAJIBU. MWAMBIE SIKULITAJA JINA LAKE.

Kiilu akaweka kidole kwenye kibonyezo. Kilikuwa kimelowa, na baridi.