Haipigi, Inachukua

Kamera ilikohoa. Mpiga picha ndiyo kwanza ameitoa kwenye kabati la kioo, akasikia kikohozi kikavu cha mzee, ndani kabisa ya lenzi. Akamtazama muuzaji. Naye alikuwa mzee, amejifunga kitambaa shingoni, na tangu mteja aingie dukani alikuwa akinong'ona tu. Akanong'ona kwamba ni vumbi.

Haja ikikubana, unasikia unachotaka. Mama huyu alikuwa akipiga picha za pasipoti kwa kikamera cha mfukoni kilichochubuka pembe zote, mpaka wateja wakawa wanamuuliza kama hiyo ni kamera au kipande cha sabuni. Wakishacheka, wanavuka barabara kwenda kwa jirani mwenye kamera ya maana. Basi leo amekuja kubadilisha. Akajaribu nyepesi, akaiona haifai kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Akajaribu yenye lenzi ndefu, mkono ukamchoka. Akairudia ile nyeusi iliyokohoa, maana ilimkaa mkononi kama wamezoeana.

"Hii haipigi picha, mama," muuzaji akanong'ona. "Hii inachukua."

Mama akacheka. Maneno ya biashara hayo, akajisemea, akaibeba.

Nyumbani wa kujaribia alikuwa mmoja tu, binti yake wa miaka sita. Walimwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea asubuhi, hadi usingizi ndio umnyamazishe. Mama alikuwa akimlea peke yake, na kelele zile ndizo zilizokuwa zikimfanya aone nyumba ina watu. Akamkalisha kwenye kigoda, nyuma yake shuka jeupe. Chiriku alikuwa katikati ya kisa cha paka aliyeiba soksi. Mama akabonyeza.

Haikulia kacha. Ililia kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa. Chumba kikanuka udongo uliofukuliwa sasa hivi, na kisa cha paka kikakatika.

Midomo ya mtoto iliendelea kwenda, ila sauti hakuna. Mama akadhani ni utundu, akamtekenya; mtoto akacheka kimya, kisha akalia kimya, machozi tele na koo limenyamaza, na hapo ndipo mama alipoingiwa na hofu. Daktari akammulika, akasema koo ni zima.

Mama akarudi dukani mbio, kamera mkononi. Akakuta kufuli. Fundi saa wa mlango wa pili akamvuta pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba zamani mzee yule akikohoa husikika mtaa mzima, mpaka siku aliyojipiga picha kwa kamera nyeusi.

"Alikuwa anatafuta wa kumwachia," fundi akasema. "Ameshahama."

Mama alipofika nyumbani aliiweka kamera mezani, mchana kweupe, na kabla hajaiachia akasikia humo ndani Chiriku wake anaendelea na kisa cha paka, taratibu, kama anamsimulia mtu aliye karibu sana, na huyo mtu anapumua, anaguna pale panapochekesha, huku ile harufu ya udongo ikipanda mpaka inakaba, na Chiriku mwenyewe amesimama mlangoni, ameziba masikio kwa viganja, anasikiliza sauti yake ikimfurahisha mwingine.

Haipigi, inachukua. Basi kinachopiga kipo, mama akawaza, kipo kwenye droo. Akakitoa kikamera chake cha sabuni, akakielekeza kwenye lile jicho jeusi la kamera.

"Rudisha ulichochukua," akasema.

Hakutaja cha nani.

Akapiga. Akapiga tena, na tena, mwanga ukimulika chumba kizima, hadi lenzi ikapasuka na pazia likavutwa kuelekea nje bila upepo wowote, na kitu kikapita dirishani kikiwa na sauti ya mtoto, bado inasimulia, soksi hii na soksi ile, ikaenda ikififia juu ya mapaa ya majirani hadi ikapotea. Harufu ikakatika.

Chiriku akakohoa, kikohozi kikavu kile kile cha ndani ya lenzi. Mama akapiga magoti, akamshika mashavu, akamwomba aseme chochote.

"Mama, nina njaa."

Ilikuwa sauti ya mzee wa miaka sabini, nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu wa kuheshimiwa. Na ulimi wa mama, uliofunzwa adabu tangu utotoni, ukamtangulia.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," mwanawe akaitikia.