Mahali Jembe Lilipozama

Fundi viatu aliishi na mkewe, binti yao mdogo na mama yake mzee. Wote walilala chumba kimoja. Bibi alilala karibu na mlango, miguu ikigusa ndoo ya maji. Kila asubuhi mkwewe alimruka ili akawashe jiko.

"Nikanyage tu, mwanangu," bibi alisema. "Nimeshazoea kuwa zulia."

Walicheka. Lakini fundi viatu aliumia moyoni. Akaamua kumjengea mama yake chumba nyuma ya nyumba. Zamani mahali hapo palikuwa na choo cha shimo. Shimo lilipojaa, alilifukia mwenyewe kwa majivu, matambara na vipande vya ngozi.

Siku ya kuchimba msingi, alimaliza kabla ya saa sita mchana.

"Mama Watoto, njoo uone!" aliita. "Jembe linazama lenyewe. Leo tuna bahati."

Mke alifurahi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini udongo ule ulikuwa laini hivyo.

Mvua ikanyesha. Chini ya mtaro wa msingi pakajaa matope. Fundi viatu akamwaga zege juu ya matope yale yale. Zege lenyewe lilikuwa jepesi kama uji. Alilitia maji mengi ili lisimchoshe kukoroga.

Ukuta ukapanda. Bibi akahamia chumbani kwake, akatundika kioo.

Msimu uliofuata wa mvua, ufa ulitokea juu ya mlango. Kwanza ulitosha ukucha tu kuingia. Baadaye ukatosha kidole.

"Baba Watoto, ufa unapanuka," mke alisema.

"Ni lipu tu hiyo. Nitaziba."

Aliziba mara tatu. Alasiri moja bibi alikuwa amejilaza. Alimtuma mjukuu wake maji ya kunywa. Mtoto alikuwa bado nje, kikombe mkononi, ukuta ulipoanguka juu ya kitanda.

Waliondoa matofali kwa mikono. Bibi alitolewa akiwa hai. Hospitalini, daktari alimkata mguu chini ya goti.

"Simlaumu mtu," bibi alisema, macho yakiwa darini. "Ila chumba cha kujengwa na wewe, mwanangu, siingii tena. Nirudisheni pale mlangoni."

Bibi alipotoka hospitali, fundi viatu alimtandikia godoro pale mlangoni.

Jirani yao aliitwa Mama Koleo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchanganya zege kwa koleo kwenye majengo makubwa. Alikuja kutoa pole. Kisha akachukua kipande cha nondo, akakisukuma ardhini pale ukuta ulipoangukia. Kikazama chote.

"Hapa mlizika nini?"

"Choo," mke alijibu polepole.

Mama Koleo alimgeukia fundi viatu. "Shemeji, ukishona soli kwenye ngozi iliyooza, uzi unashika?"

"Haushiki."

"Basi. Na mimi nakaa hatua ishirini kutoka hapa. Mbona hukuniuliza?"

Fundi viatu alitazama chini. "Niliona aibu kumuuliza mwanamke mambo ya zege."

"Aibu hiyo ndiyo iliyokula mguu wa mama."

Mke alilia. Mama Koleo akamshika bega. "Nyamaza, mdogo wangu. Kesho tuanze. Bibi hawezi kulala mlangoni na magongo."

Walihamishia ujenzi upande wa pili wa kiwanja. Huko nondo iligoma, na jembe likagoma pia. Fundi viatu alichimba siku nne, viganja vikatoka malengelenge.

"Sasa?" aliuliza akihema.

"Bado. Chimba mpaka ufike udongo mgumu ambao haujawahi kufukuliwa. Halafu sawazisha chini, uushindilie. Mtaro uwe na upana mara mbili ya ukuta, au zaidi."

Kila maji yalipoingia, waliyachota na kukwangua tope lote. Kisha wakapima kwa ndoo moja ile ile: saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne.

"Maji je?" mke aliuliza.

"Kidogo kidogo. Finyanga zege mkononi, ukiwa umevaa glavu. Likishikana bila kuchuruzika, linatosha. Likiwa uji, halina nguvu."

Walimwaga zege lenye unene wa shibiri moja. Walilimwaga lote siku hiyo hiyo bila kukatisha, huku wakilichomachoma kwa nondo ili hewa itoke. Kisha wakalifunika kwa magunia. Kwa siku saba mke aliyamwagia maji asubuhi na jioni, kama anayeogesha mtoto mchanga.

Chumba kilipokwisha, bibi hakuingia. Alilala pale pale mlangoni msimu mzima wa mvua. Kila asubuhi mjukuu alipita akipapasa kuta mpya.

"Bibi, hakuna ufa."

"Kesho uangalie tena."

Mvua ziliisha. Siku moja bibi alijikokota kwa magongo hadi kwenye chumba kile. Akamwita mwanawe.

"Safari hii ulichimba siku ngapi?"

"Nne, mama."

"Lete mikono."

Alivipapasa viganja vya mwanawe. Malengelenge yalikuwa yamekuwa sugu. Bibi alizipapasa moja moja.

"Haya," alisema mwishoni. "Nileteeni godoro langu."