Tuta la Viazi Katikati ya Barabara

"Nani kakuruhusu kulima barabarani?"

"Na wewe nani kakuruhusu kupaa? Una mabawa?"

"Mama, barabara siyo shamba!"

"Na kijiji siyo uwanja wa ndege!"

Walikuwa wanaongea kwa pamoja. Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Shimba alikuwa amekaa chini, katikati ya barabara ya vumbi. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine kwenye mtaro. Pikipiki yake ya bodaboda imelala ubavu, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Gunia la dagaa alilopakia mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, limepasuka. Kuku wa kijiji kizima walishapata taarifa na walikuwa njiani.

Kwa Kisukuma, Shimba maana yake ni simba. Asubuhi hiyo simba alikuwa na dagaa mpaka masikioni. Kofia yake ngumu ilikuwa salama kabisa. Ilikuwa imening'inia kwenye usukani, inaulinda usukani.

Mbele yake alisimama Mama Getruda Luhende, mkulima wa viazi vitamu. Jembe begani, khanga imekazwa kiunoni.

"Halafu wewe," alisema, "unanipigia kelele muda wote huu. Shikamoo yangu iko wapi?"

Shimba akashusha sauti. "Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Haya, endelea."

Shimba alishasahau alipoishia. Akageuka kuangalia kitu kilichomwangusha.

Lilikuwa tuta. Mama Getruda alikuwa amelilima alfajiri, kutoka mtaro huu mpaka mtaro ule. Kimo chake kilifika magotini. Na ukweli usemwe: lilikuwa tuta zuri. Shimba alikulia Magu, kwenye nyumba ya wakulima. Alijua tuta zuri akiliona. Hili lilinyooka kama limepigwa rula. Udongo wake ulikuwa laini juu, umeshindiliwa pembeni, bila donge hata moja. Shimba angekuwa kiazi, angeomba kupandwa pale pale.

Lakini hakuwa kiazi. Alikuwa dereva, na goti lilikuwa linavuja damu.

"Mayu, ungeniua," alisema kwa sauti ya chini.

"Na mwenzako alitaka kumuua mjukuu wangu," alijibu Mama Getruda. "Njoo umwone."

Mlangoni kwake alisimama Precious, mwanafunzi wa darasa la pili. Amevaa sare ya shule. Mkono umefungwa bandeji. Wiki iliyopita alikuwa anavuka barabara na ndoo ya maji. Bodaboda ilipita kama imefukuzwa na nyuki. Ikakwaa ndoo, ikamwangusha mtoto, na dereva hakusimama.

"Kidonda kinapona," alisema Mama Getruda. "Woga ndio hauponi. Kila asubuhi anavaa sare. Akifika ukingo wa barabara, anaganda. Shule ile pale, unaona bati lake. Siku ya sita leo hajaenda. Nimebembeleza, nimekemea, nimembeba mgongoni, analia mpaka anatapika. Ndiyo maana nimechukua jembe."

Shimba alimwangalia yule mtoto. Si yeye aliyemgonga. Alikuwa na hakika. Lakini hapo hapo alijua kwamba angeweza kuwa yeye. Barabara hii anaipita mara nane kwa siku, na zote nane anakimbia. Ladha ya dagaa mdomoni ikawa chungu.

Muda si mrefu madereva wenzake wakafika, kama kumi hivi. Mbele yao Salehe, mwenyekiti wa kijiwe chao cha bodaboda. Salehe ana mwili mdogo, lakini sauti yake ungedhani imeazimwa kwa mtu mwingine.

"Huyu mama apelekwe polisi!" alinguruma. "Na kuanzia leo kijiji hiki hatubebi mtu!"

"Msibebe!" wakajibu wanakijiji. Wengine walishaokota mawe. "Tutalima matuta mengine kumi!"

"Limeni, tutayasawazisha!"

Shimba akanyanyuka, anachechemea, akasimama juu ya lile tuta. Akawa mrefu kuliko wote.

"Salehe, nani kaanguka hapa?"

"Wewe."

"Basi mwenye kesi ni mimi. Na mimi sitaki polisi. Kuna mtoto pale mlangoni haendi shule kwa ajili yetu. Tumwite mwenyekiti wa kijiji, tukae tuongee."

Madereva walishangaa. Mama Getruda alishangaa zaidi. Akamtazama kijana yule kutoka kwenye kiatu kimoja mpaka kwenye dagaa za kichwani. Kisha akaingia ndani, akatoka na maji ya uvuguvugu na kitambaa safi.

"Kaa chini nikuoshe hilo goti," alisema. "Kesi itaendelea baadaye."

Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu ofisi ya barabara ya wilaya. Siku mbili baadaye akaja fundi sanifu wa barabara, binti anayeitwa Odeta. Alikuja na futi ya kupimia, daftari, na buti zenye matope. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nyuma ya tuta la Mama Getruda kulikuwa na bwawa, na bata wawili walikuwa wanaogelea.

Odeta hakucheka. Alizunguka tuta lote, akainama, akalibonyeza kwa kidole.

"Mama, umelima miaka mingapi?"

"Tangu nina miaka saba."

"Inaonekana. Sijawahi kuona kazi safi hivi. Lakini mama, tuta la viazi kazi yake ni nini?"

"Kushika maji. Na kumpa kiazi nafasi ya kunenepa."

"Umejibu mwenyewe. Hili limeshika maji. Msimu mmoja tu, barabara itakatika. Tuta la barabara ni ndugu wa jina tu. Haliwi refu. Kimo chake kama upana wa kiganja chako, basi. Ila ni pana, kama hatua nne za mtu mzima, ili gurudumu lipande taratibu na kushuka taratibu. Na pembeni maji yanaachiwa njia."

Mama Getruda akatazama kiganja chake. Akatazama tuta. "Mimi nimeweka la magotini," alisema.

"Na jambo kubwa zaidi," Odeta aliendelea, "dereva lazima ajulishwe mapema. Kibao kinawekwa mbali kabla ya tuta. Dereva anayetoka mwaloni asubuhi, jua linampiga usoni. Tuta la udongo kwenye barabara ya udongo halioni hata kidogo. Ndiyo maana hairuhusiwi mtu kujichimbia tuta au kuweka mawe na magogo. Unataka kuokoa mtoto wako, unamuua wa mwenzako."

Mama Getruda akatazama upande wa mwaloni. Kisha akamgeukia Shimba, aliyekuwa amekuja kusikiliza. "Ulikuwa hulioni kweli?"

"Mayu, nililiona nikiwa hewani."

Hapo ndipo Mama Getruda alipocheka mara ya kwanza. Halafu akachukua jembe lake na kulivunja tuta mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa.

"Sasa nifanyeje?" alimuuliza Odeta. "Nimekuwa mjinga wa kulima. Nisiwe mjinga wa kukaa kimya."

"Mlete ombi kwenye mkutano wa kijiji. Likipita, liandikwe kwenye muhtasari, mwenyekiti alete ofisini kwetu. Sisi tunakuja kupima, tunaweka matuta na vibao panapostahili. Kwenye shule panastahili."

Mkutano ulifanyika Jumamosi, kwenye kivuli cha ghala la pamba. Wanakijiji walikaa huku, madereva kule, kama timu mbili zinazosubiri refa. Odeta alikuwepo.

"Matuta yatachukua muda," alisema. "Wakati tunasubiri, mwendo upungue. Kwenye nyumba na shuleni, kilomita ishirini kwa saa."

Madereva wakaangalia chini.

"Mbona kimya?" aliuliza Odeta. "Nani spidi mita yake inafanya kazi?"

Hakuna mkono ulionyooka. Salehe akakohoa. "Yangu ilifanya kazi dukani," alisema.

Watu wakacheka. Lakini tatizo likabaki: mwendo utapimwa na nini?

Mama Getruda akasimama. "Hizo gia zenu mnazozitaja kila siku. Ya kwanza ni ya nini?"

"Ya kuondokea, mayu, na kupandia mlima," alijibu Shimba.

"Ya pili?"

"Ya pili unaenda kama mtu anayewahi mvua isimkute."

"Huyo mtu, mtoto akimtokea mbele, anaweza kusimama?"

Shimba akafikiri. "Anaweza."

"Basi piteni kwenye nyumba zetu na gia ya pili. Hata mimi nikiwa jikoni nitaisikia kwa mlio. Hakuna haja ya mita."

Odeta akaitikia kwa kichwa: ni kama ishirini ile ile. Madereva wakatazamana. Walikuwa wameendesha miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuwaza hivyo. Shimba alihisi fahari, kana kwamba ni yeye aliyesema.

"Huyu mama ana akili," alinong'ona Salehe. Lakini Salehe hajui kunong'ona, kwa hiyo wote walisikia.

Odeta akawageukia wanakijiji. "Na nyie? Nani anaanika makopa ya muhogo barabarani?"

Mikono ikapanda polepole. Ilikuwa mingi.

"Nani mbuzi wake anafungwa upande huu, kamba inavuka mpaka upande ule?"

Mikono mingine.

"Dereva anakwepa makopa yako, anamkuta mtoto wa jirani. Barabara ni ya kupita. Muhogo uanikwe nyumbani, mbuzi afungwe mbali. Na watoto wavukie sehemu moja, pale mbele ya shule. Wasimame, watazame huku na huku, wasikilize, ndipo wavuke."

Wakakubaliana. Madereva nao wakaahidi kuvaa kofia ngumu kichwani, siyo kwenye usukani. Wakaahidi kuacha mishikaki, ile tabia ya kubeba abiria watatu kwenye pikipiki moja. Na kila asubuhi dereva mmoja, amevaa kizibao cha njano, atasimama mbele ya shule kuvusha watoto.

"Nani anaanza?" aliuliza mwenyekiti wa kijiji.

"Mimi," alisema Shimba.

Jumatatu asubuhi Shimba alivusha watoto arobaini na moja. Precious alifika ukingoni na bibi yake, akaganda. Akarudi nyumbani.

Jumanne Shimba aliiacha pikipiki mbali, nyuma ya ghala, akaja kwa miguu. Precious aliganda tena, lakini hakulia.

Jumatano Shimba alichuchumaa, akawa kimo kimoja na mtoto. Hakumshika mkono. Alimuuliza tu, "Unasikia nini?"

Precious akasikiliza. "Pikipiki."

"Iko mbali au karibu?"

"Mbali."

"Gia ya ngapi?"

Mtoto akakunja uso. Siku zile kila mtoto wa kijiji alishajua milio ya gia. "Ya pili," alisema.

"Huyo ni Salehe. Mwangalie."

Salehe akatokea kwenye kona, kofia kichwani, anakuja taratibu. Akawaona. Akasimama hatua kumi kutoka kwao, akazima injini kabisa. Barabara nzima ikawa kimya. Precious akatazama huku. Akatazama huku. Kisha akavuka, bila kushikwa mkono na mtu. Alipofika ng'ambo akakimbilia darasani na hakugeuka nyuma.

Mama Getruda alijifunika uso kwa khanga. Shimba alijifanya anakaza kamba za viatu.

Miezi mitatu baadaye matuta ya kweli yalikuwepo, mawili, moja kila upande wa shule. Kimo cha kiganja, upana wa hatua nne. Vibao vilionekana kutoka mbali. Tangu mkutano ule hakuna mtoto aliyegongwa wala dereva aliyeanguka. Kina mama wazee, ambao zamani walikuwa wanatembea kwa miguu mpaka lami kwa kuogopa bodaboda, sasa walikuwa wanapanda. Kijiwe kilipata abiria wengi kuliko zamani, na Salehe alikuwa anawatangazia kama vile yeye ndiye aliyelifikiria wazo lote.

Siku moja ya soko Mama Getruda alipanda pikipiki ya Shimba kwa mara ya kwanza. Kofia kichwani, gunia moja la viazi limefungwa vizuri nyuma. Njia nzima hakusema neno. Shimba akaogopa. Akafikiri mama kakasirika, au kabanwa na moyo.

Walipofika kijiweni, Mama Getruda akashuka. Madereva wote wakasimama kumsalimia. Shikamoo zikawa nyingi. Akaitikia, lakini macho yake hayakuwa kwao. Aliizunguka pikipiki, taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akashika usukani upande wa kushoto. Akashika upande wa kulia.

"Shimba," alisema.

"Naam, mayu. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Mambo ya leseni nimeshauliza, wanasema umri wangu hauna shida." Akaivuta kofia ikakaa sawa kichwani. "Nifundishe kuendesha."